Yaya, kinga imekuwa nzito

Ninyi mnaokaa Kolwezi, Likasi ao Kipushi mnazijua kinga zinazoingia mjini asubuhi na mapema zikiwa na magunia ya makala. Mwenye kinga haonekani. Unaona miguu yake tu chini ya mzigo. Leo nataka kuwaelezea habari ya kinga moja ya namna hiyo, ila hii haibebi makala. Inabeba mafuta ya mawese kule kwetu Basoko, katika jimbo la Tshopo, pale mto Aruwimi unapoingia katika mto Congo. Ni kinga ya baba yangu. Nilitaka kuifanya iwe nyepesi. Kazi yenyewe niliifanya vizuri, sababu mimi ni ajisteri, chuma ndicho kinanilisha. Lakini kosa nililolifanya sikuliona mpaka siku nilipotembea nyuma ya kinga ile kilometa 28 kwa miguu.

Kinga iliyotusomesha

Ni kinga ya zamani ya aina ya Phoenix, ya kutoka China, nyeusi, yenye breki za vyuma na magurudumu makubwa ya inchi 28. Baba aliinunua Kisangani katika miaka ya 1990. Waliokaa Kisangani wakati ule wanakumbuka: baada ya uporaji wa 1991 na shida zilizofuata, magari yalipungua mno, mafuta ya gari yakawa ghali, na watu wakaanza kubebwa na kinga. Kazi ile iliitwa toleka, neno la Lingala, maana yake "tupite". Nyuma ya kinga waliweka kiti chenye sifongo, ukakaa, ukalipa, ukafikishwa sokoni ao hospitali. Kijana mwenye kinga na miguu yenye nguvu alilisha nyumba nzima. Kwetu nyumba yote ililishwa na kinga ile.

Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Jioni baba aliporudi, kazi yangu ilikuwa kufuta sheni, yaani ule mnyororo, kwa kitambaa chenye mafuta ya gari yaliyokwisha kutumika. Nilihesabu meno ya plato, lile gurudumu la mbele lenye meno linalovuta sheni: 48. Ndiyo hesabu ya kwanza niliyoijua kabla ya kuingia shule.

Mwezi wa sita mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita ndani ya mji wa Kisangani. Sitaki kueleza mambo mengi ya siku zile. Nyumba yetu ilitobolewa, lakini kinga ilipona chini ya kitanda. Baba akasema tunarudi kwao Basoko. Njia ya mtoni haikuwa rahisi, sababu wakati wa vita, toka 1998 hata 2003, mto ulikuwa umekatika kati ya upande huu na upande ule. Tulikwenda kwa vipande: mtumbwi, miguu, mtumbwi tena. Kinga ilikuja nasi, na njiani ilibeba mama aliyekuwa na mimba ya dada yetu wa mwisho.

Kule Basoko hakuna toleka wa kutosha kulisha nyumba. Kuna mawese. Tangu mwaka 1911, wakati Lever wa Uingereza alipopata ardhi za michikichi katika Congo, mkoa wetu unajulikana kwa mafuta. Shamba kubwa la Lokutu liko katika teritware yetu, ngambo ya mto. Lakini mbali na mashamba makubwa kuna watu wadogo wenye michikichi yao msituni. Wanakamua kwa mashine ya mkono, wanajaza bidoni, na kinga zinazipeleka bichi, yaani bandarini. Hapo mafuta yanapanda balenieri kwenda Kisangani, ao yanashuka Bumba, Lisala, hata Kinshasa. Baba alifanya kazi hiyo miaka kumi na kitu. Magoti yalipomchoka, mdogo wangu akashika kinga. Mimi kwa kazi ile nilipata masomo ya ufundi, nikatafuta maisha Katanga, na leo niko Kolwezi.

Ujumbe kwa simu

Mwaka 2022 mdogo wangu alinitumia sauti kwa simu. Sauti ilikuwa fupi, na nyuma yake nilisikia kuku wa mama:

"Yaya, kinga imekuwa nzito. Siku hizi nafika ku bichi magoti inaniuma, nalala bila kula."

Nilisikiliza mara mbili. Nikajiambia: kumbe dawa ninayo. Mtu wa chuma akisikia neno "nzito", anafikiri kilo. Plato ya Phoenix ni chuma tupu, na mikono yake ya pedali ni chuma tupu. Siku hizi kinga za Ulaya zina vyombo vya alumini. Wafaransa walianza kutengeneza plato na mikono ya alumini kwa kinga za mashindano tangu miaka ya 1930. Alumini ni nyepesi kweli: vitu viwili vya ukubwa mmoja, cha alumini na cha chuma, kile cha alumini kina uzito wa theluthi moja tu. Na si alumini laini ya sufuria. Plato nzuri ni alumini iliyochanganywa na shaba ao zinki kidogo ili iwe ngumu. Niliposoma habari hiyo nilifurahi, nikaona shaba ya kwetu imefika hata katika meno ya kinga.

Lubumbashi nikapata kwa muuzaji wa vyombo vya okazioni seti moja: plato ya alumini ya meno 42, mikono miwili ya pedali ya alumini, na ekseli yake yenye ncha za mraba. Nililipa feza ambayo sitaitaja hapa, sababu mke wangu anasoma gazeti hili. Nikaomba konje, nikaifunga plato ndani ya shati, nikapanda ndege mpaka Kisangani, kisha boti mpaka Basoko.

Baba aliichukua plato mkononi, akaipima kama mtu anayepima samaki. Akaigonga kwa ukucha.

"Alumini iko ya sufuria," akasema. "Njia hii inataka chuma."

"Papa, hii si ya sufuria. Watu wa mashindano wanaitumia."

"Wanabeba mawese?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza: "Mdogo wako alisema nini?"

"Alisema kinga iko nzito."

"Haya. Na weye ulimuuliza ni nini iko nzito?"

Nikaona ni maneno ya mzee. Nikaenda kutafuta nyundo.

Jinsi nilivyofanya kazi

Vijana wengi watapenda kujua sehemu hii, sababu kinga za zamani ziko nyingi, na vyombo vipya vinaingia sokoni. Nitaeleza bila kuficha.

Jambo la kwanza: katika Phoenix na ndugu zake, plato haifunguliwi peke yake. Imekazwa katika mkono wa kulia moja kwa moja. Ukitaka kubadilisha plato, unabadilisha mikono yote miwili na ekseli. Mikono ya zamani inashikwa na klaveti, kile kipande kidogo cha chuma kinachopita kati ya mkono na ekseli. Klaveti ya miaka ishirini haitoki kwa kubembelezwa. Unaweka kipande cha chuma kizito chini ya mkono kama mto, ndipo unapiga. Ukipiga bila mto, nguvu ya nyundo inakwenda kwenye gololi na vikombe vyake, unaviharibu. Yangu ilitoka siku ya pili, baada ya kulala katika mafuta usiku mzima.

Vikombe vya gololi vilikuwa bado vizima, nikaviacha. Nikaosha kila kitu kwa petroli ya taa, nikatia gololi mpya na grisi, nikapitisha ekseli mpya. Mikono ya alumini inaingia kwenye ncha za mraba na kukazwa kwa bulo. Hapo panataka uangalifu: alumini ni laini kuliko ekseli ya chuma. Bulo likilegea nawe ukaendelea kukanyaga, tundu la mraba linakuwa duara, na mkono umekufa. Ndiyo sababu unakaza, unakwenda kilometa chache, unakaza tena, na kesho yake tena.

Jambo la pili ni mstari wa sheni. Simama nyuma ya kinga, angalia kwa jicho moja: plato ya mbele na piniyo ya nyuma zinapaswa kusimama mstari mmoja. Ekseli yangu ilikuwa ndefu kidogo, plato ikakaa nje. Ilinibidi kuihamishia upande wa ndani wa mkono ili sheni isitembee kando kando.

Jambo la tatu, na hapa ndipo nilipokosa kama fundi, ni sheni yenyewe. Sheni ya Phoenix ni pana. Plato za kinga zenye piniyo nyingi ni nyembamba, na yangu ilikuwa ya namna hiyo. Sheni pana inakaa juu ya plato nyembamba, inatembea, lakini inacheza. Isitoshe, sheni ya mdogo wangu ilikuwa imechoka. Kuna kipimo rahisi ambacho kila kijana anaweza kufanya kwa rula ya shule: hesabu pini 24, kutoka pini ya kwanza mpaka ya 25 ni inchi 12 kamili ikiwa sheni ni mpya. Ikizidi kwa nusu ya robo ya inchi, yaani milimita 3, sheni hiyo imekwisha, itupe. Mimi sikupima. Sheni mpya haikuwa sokoni juma lile, konje yangu ilikuwa fupi, na nilikuwa na haraka ya kuwaonyesha watu kazi yangu.

Jioni nikaenda kwa mama muuza mawese mwenye mizani. Vyombo vya zamani: kilo 1 na grami 400. Vipya: grami 750. Nikamwambia mdogo wangu kwa majivuno: "Nimekuondolea grami 650!"

Akajibu kwa heshima: "Asante, Yaya."

Akapanda kinga bila mzigo, akazunguka mtaa. Kweli ilikwenda vizuri. Vijana wa jirani walikuja kuona meno yanayong'aa. Mdogo wangu akasema pedali zimekuwa laini. Nikalala nikiwa na furaha.

Kilometa 28

Kesho yake saa tisa ya usiku tukaondoka kwenda msituni kuchukua mafuta. Yeye juu ya kinga, mimi juu ya kinga ya kuazima. Kwenda, kinga ikiwa tupu, nilimwona anakanyaga bila taabu. Moyoni nikasema: baba ataona.

Tulipofika kwenye mashine, wakaanza kufunga bidoni. Mbili upande wa kushoto, mbili upande wa kulia. Wakati wa baba ilikuwa hivyo: bidoni nne za lita 20. Nikainuka ili twende. Wakaendelea. Bidoni ya tano juu, ya sita juu yake, na kamba za mpira zikavutwa mpaka zikalia. Kisha mdogo wangu akafunga fimbo kwenye usukani na fimbo nyingine nyuma ya kiti. Akasimama kando ya kinga, akainamisha kichwa, akaanza kusukuma.

Hapo ndipo nilipoelewa neno la kwanza. Kinga yenye mzigo wa namna ile haikanyagwi, inasukumwa. Pedali zinakaa bure. Plato imelala. Kwa kilometa 28 za kurudi, ile alumini yangu haikufanya kazi hata dakika moja, ilibebwa tu kama bidoni nyingine. Mimi niliyekua chini ya kinga ile, niliyefuta sheni yake kila jioni, nilikuwa nimesahau. Kichwani mwangu kulikuwa bado na toleka wa Kisangani, baba amekaa wima anakanyaga, na abiria nyuma. Miaka mingi ya Katanga ilikuwa imenifutia baba wa Basoko, yule wa kusukuma.

Nikamwachia kijana mmoja kinga ya kuazima, nikashuka kusukuma pamoja na mdogo wangu. Njia ni mchanga, halafu udongo mwekundu unaoteleza, halafu unashuka kwenye kijito ambako daraja ni miti miwili. Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, sababu mzigo unataka kukutangulia. Breki hazitoshi, breki ni kisigino chako. Nikaelewa sasa magoti yake yanaumia wapi. Si kwa kukanyaga, ni kwa kuzuia.

Nyuma ya kijito tukapumzika. Nikafanya hesabu, sababu hesabu ndiyo kazi yangu. Mafuta ya mawese ni mepesi kuliko maji kidogo. Lita 20 ni kama kilo 18, na bidoni yenyewe inafikisha 19. Bidoni nne ni kilo 76. Bidoni sita ni kilo 114. Zile grami 650 nilizoondoa kwa konje nzima na tiketi ya ndege ni sawa na kumwaga chupa moja ya sentilita 72, ile ambayo mama zetu wanapimia mafuta sokoni.

Nikamuuliza: "Tangu lini unabeba sita?"

Alikuwa anakaza kamba. Hakuniangalia.

"Tangu ule mwaka ulinyamaza, Yaya."

Wasomaji, nieleze vizuri, nisijifiche. Dada yetu wa mwisho, yule aliyekuja tumboni wakati wa kukimbia, alikuwa katika masomo ya juu Kisangani. Tulikuwa tumepatana: mimi natuma minervali yake, mdogo wangu analisha nyumba. Kisha kontra yangu ilikwisha, nikakaa miezi bila kazi, nikaacha kutuma. Hiyo si dhambi, kila mtu wa migodi anajua mambo hayo. Lakini nilipopata kazi tena, sikuanza tena kutuma. Nilinunua parseli, nikanunua matofali. Kila mwezi nilisema: mwezi ujao. Hakuna aliyenidai. Kule Basoko mdogo anaona haya kumdai mkubwa. Walikaa kimya, na bidoni mbili zikaongezwa juu ya kinga.

Bidoni mbili ni kilo 38. Zilikuwa zangu mimi.

Mdogo wangu hakusema neno lingine. Akatema mate mikononi, akashika fimbo. "Twende, balenieri haitatungoja."

Mwisho wa plato ya alumini

Nilirudi Kolwezi. Mwezi ule nikatuma feza ya shule, na mwezi uliofuata pia. Matofali yangu yalipigwa na mvua mwaka mzima, yakaota majani. Sikufa.

Habari za plato zilikuja baada ya miezi saba, kwa picha kwenye simu. Meno yalikuwa yameinama upande mmoja kama meno ya msumeno, na sheni ilikuwa inaruka. Si kosa la alumini peke yake. Sheni iliyonyooka haikai sawa juu ya meno yote. Meno machache ndiyo yanavuta, na hayo yanakwisha haraka, kisha yanafuata mengine. Mchanga wa Basoko ukichanganyika na mafuta juu ya sheni unakuwa kama dawa ya kusagia chuma. Plato ya chuma inavumilia miaka. Ya alumini, yenye sheni mbaya juu yake, haivumilii. Kama ningepima kwa rula ile siku ya kwanza, ningejua.

Lakini mdogo wangu aliniambia jambo lililonishangaza: "Yaya, kurudi bila mzigo ilikuwa muzuri sana. Tafuta ingine ya meno kidogo, lakini ya chuma."

Alikuwa na haki. Kitu kilichomsaidia hakikuwa wepesi, ilikuwa hesabu ya meno. Plato ya 48 na piniyo ya 20 nyuma: ukizungusha pedali mara moja, kinga inakwenda mita 5 na zaidi kidogo. Plato ya 42 na piniyo ile ile: mita 4 na nusu na kitu. Unakwenda polepole kidogo, lakini mguu unapunguziwa sehemu moja katika nane ya nguvu. Kwa mtu aliyesukuma kutwa, kisha anarudi jioni katika mchanga na chumvi, sabuni na petroli ya taa za duka la jirani, sehemu moja katika nane si kitu kidogo.

Na hiyo haikutaka ndege wala Lubumbashi. Kwado wa pale Basoko, yule anayeziba pine chini ya mwembe, alikuwa na piniyo ya chuma ya meno 22. Akarudisha plato ya zamani ya 48, ambayo baba hakuitupa, alikuwa ameipaka mafuta na kuitundika ukutani. Akatia piniyo ya 22 nyuma na sheni mpya iliyopanda na balenieri. Kazi yote ilikwisha kabla ya jua kuwa kali.

Plato ya alumini mama aliiuza kwa mtu anayeyeyusha alumini na kumimina sufuria. Baba alinipigia simu kunijulisha. Alicheka mpaka akakohoa.

Kwa vijana wenye kinga za zamani

Nisije nikaonekana ninasema alumini ni mbaya. Hapana. Kama kinga yako ni ya kwendea kazini ao shule, njia ni nzuri, na unaweza kupata vyombo vingine siku vitakapokwisha, plato ya alumini ni kitu kizuri. Haili kutu kama chuma, na mikono ya mraba haikusumbui na klaveti zinazolegea. Lakini shikeni haya:

1. Pimeni sheni kwanza, kwa rula, pini 24. Sheni iliyochoka isiwekwe kamwe juu ya plato mpya.

2. Jueni upana wa sheni na upana wa meno. Sheni nyembamba haiingii kabisa kwenye plato nene ya zamani. Sheni pana inaingia kwenye plato nyembamba lakini inacheza.

3. Angalieni mstari wa sheni kwa jicho kabla ya kukaza mwisho.

4. Tieni grisi kwenye bulo ndogo za plato. Alumini na chuma vikikaa pamoja kwenye unyevu vinashikana, na siku ya kufungua mtalia.

5. Kazeni bulo za mikono tena na tena siku za kwanza.

6. Msitupe chuma cha zamani.

7. Kama mnatafuta wepesi wa mguu, hesabuni meno kabla ya kuhesabu grami. Kama kinga inasukumwa, tazameni gololi za magurudumu, upepo wa pine na breki; hapo ndipo mwenye kusukuma anapata pumziko.

Na kwa sisi tulio mbali na nyumbani, tulio kwenye migodi na tunaopokea ujumbe kwa simu, ninaongeza moja tu. Mtu wa nyumbani akikuambia kitu kimekuwa kizito, usikimbilie sokoni. Muulize ni nini kizito, na tangu lini. Mimi niliulizwa swali hilo na baba kabla ya kushika nyundo, nikaona ni maneno ya mzee.

Dada yetu alimaliza masomo. Mdogo wangu sasa anabeba bidoni nne, kama baba. Juzi aliniambia magoti bado yanauma wakati wa mvua. Nilitaka kumjibu mara moja habari ya dawa fulani niliyoiona Kolwezi. Nikanyamaza kwanza. Nikamuuliza: "Yanauma wapi? Tangu lini?" Tukaongea mpaka feza ya simu ikaisha.